Rubani wa Meli Anahitaji Hesabu ya Kichwani

Usiku wa tarehe 7 Agosti 1992, meli ya abiria Queen Elizabeth 2 ilipanda miamba karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, Massachusetts. Ramani ilionyesha kina cha futi 39, na meli ilikuwa imezama majini futi 32 hivi. Zinabaki futi 7, hata mtoto wa shule anajua. Lakini meli ilikuwa mbioni, maili 25 hivi za baharini kwa saa, na meli ikikimbia kwenye kina kifupi haikai pale ilipopimwa gatini. Inadidimia.

Maji yanayopita chini ya mkuku (uti wa chini wa meli) yanabanwa, yanakwenda kasi, na yakienda kasi mgandamizo wake unashuka, meli nayo inashuka. Bernoulli alishaeleza hilo mwaka 1738. Simama ukingoni mwa mfereji meli inapopita: maji yanavutwa, matope yanabaki wazi, kisha yanarudi kwa kishindo.

Kinachoniudhi ni safari ndefu ya hesabu hadi kumfikia nahodha. John Henry Michell wa Australia aliandika nadharia yake ya meli nyembamba na mawimbi mwaka 1898, ikakaa miaka mingi bila wa kuijali. Mwaka 1966 Mwaustralia mwenzake, Ernest Tuck, akatoa fomula ya meli kudidimia na kuinamia omo (mbele) au tezi (nyuma). Fomula tamu kweli, ila ukikaribia kasi ya wimbi kwenye kina unachopita (kwa mita 12 ni kama maili 21 za baharini kwa saa) jibu linapaa bila kikomo.

Wasomi wanicheke, mimi nampenda Barrass, mtaalamu wa meli mwenye kanuni rahisi ya kudidimia huko. Chukua mwendo kwa maili za baharini kwa saa, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa namba ya unene wa umbo la meli, gawa kwa 100, upate mita. Meli ya mizigo yenye namba ya unene 0.8 ikienda maili 10 kwa saa inashuka sentimita 80. Ikienda 5, sentimita 20 tu. Kwenye mfereji mwembamba, gawa kwa 50. Hiyo rubani anaipiga kichwani, redio mkononi.

Nakubali, miamba ile haikuwa kwenye ramani, na vipimo vyake vilikuwa vya 1939. Ila wachunguzi wa Marekani walitaja jingine: melini hapakuwa na taarifa za kutosha kuhusu jinsi mwendo na kina vinavyokula nafasi iliyo chini ya mkuku. Wakati huo fomula ya Tuck ilikuwa na umri wa miaka 26.