Mkutano mkuu wa mtandaoni: tunahesabu watu au tunahesabu simu?

Kila msimu wa mikutano mikuu ya sacco, yaani vyama vya akiba na mikopo, kati ya Februari na Aprili, lawama zote huishia kwa Zoom, huduma ya mikutano ya video. Wanachama wananung'unika kwamba maikrofoni zao zimefungwa, kwamba ajenda inasomwa mbio mbio na maazimio yanapita kabla mtu hajapewa nafasi ya kuuliza swali, na kwamba zamani, ukumbini, angalau ungesimama ukapaza sauti. Maafisa nao hujibu kwa hesabu ya kodi ya ukumbi, chakula na nauli. Mabishano haya tunayo tangu tarehe 29 Aprili 2020, Mahakama Kuu ya Nairobi iliporuhusu kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa kukutana kwa mtandao wakati wa Korona, na marekebisho ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2021 hayakuyamaliza. Mimi naona pande zote mbili zimekosea mahali pa kugombania. Video yenyewe haina shida kubwa. Shida ni kwamba imeachwa peke yake: haijui daftari la wanachama wala haijui kura. Na wachache wanaodai mifumo hii iunganishwe wanadhaniwa kuwa wauzaji wa programu wanaotafuta tenda.

Hebu tazama orodha ya washiriki katika mkutano wa kawaida wa namna hii. Kuna "Galaxy A14", kuna "iPhone", kuna "Mama Brayo", kuna "Redmi" tatu zisizotofautiana, na hapa na pale jina kamili la mtu. Mwenyekiti anauliza kama akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwapo, imetimia. Katibu anasoma tarakimu iliyo kwenye skrini na kusema imetimia, na kumbukumbu za mkutano zinaandikwa hivyo. Lakini tarakimu ile inahesabu vifaa. Mume na mke walioketi Kayole mbele ya simu moja, wote wanachama, wamehesabiwa mmoja. Kijana aliyeingia kwa simu yake na kwa kompyuta ya ofisini amehesabiwa wawili. Mtu asiye na hata hisa moja, aliyetumiwa kiungo na binamu yake kwenye WhatsApp, naye yumo. Na kwa kuwa mshiriki anaweza kubadili jina lake akiwa ndani, msimamizi asipomzuia, hata yale majina kamili hayathibitishi kitu. Chama kidogo kinachotumia akaunti ya bure kina taabu zaidi: dakika 40 zikiisha mkutano unakatika, watu wanaingia upya, na hakuna anayehesabu tena.

Naikazania akidi kwa sababu ndiyo inayobeba kila kitu kinachofuata. Azimio la kugawa faida, la kupandisha kiwango cha mikopo, la kuuza ploti ya sacco kule Kitengela, yote yanasimama ikiwa waliokuwapo walitosha na walikuwa wanachama kweli. Mwanachama akilipinga azimio mbele ya jopo linaloamua kesi za vyama vya ushirika, sacco itatoa ushahidi gani? Picha ya skrini yenye Redmi tatu? Ukumbini kulikuwa na daftari mlangoni: unaonyesha kitambulisho, jina lako linatafutwa, unatia sahihi. Tulipohamia mtandaoni tulizibeba hotuba, daftari tukaliacha.

Kuunganisha mifumo ni kulirudisha daftari lile. Mfumo wa wanachama unaiagiza huduma ya video imsajili kila mwanachama na kumpa kiungo chake mwenyewe, kinachoshikamana na nambari yake ya uanachama. Akiingia, huduma inautaarifu mfumo papo hapo. Akitoka, vivyo hivyo. Akidi sasa inahesabu wanachama, tena inajulikana hadi dakika ya kupiga kura, wakati wengi huwa wameshaondoka. Kura nazo zinapigwa kwa USSD, zile menyu za simu zisizohitaji intaneti, kama kampuni kadhaa za Soko la Hisa zinavyofanya: nyota, tarakimu, reli, kisha unajitambulisha. Mzee aliye Kibwezi na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe, bila bando, anapiga kura sawa na mwanachama aliye Westlands na laptopu. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota vibaya. USSD haipitii huko. Inasafiri ndani ya mtandao wa kampuni ya simu hapa hapa nchini.

Wanaopinga wana hoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na kila mfumo unaounganishwa ni ufunguo mwingine uliotolewa. Zoom yenyewe ilifikia mapatano mwezi Novemba 2020 na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyoishutumu kwa kuwahadaa watumiaji kuhusu usimbaji fiche, yaani kufunga mawasiliano ili wengine wasiyasome. Tena ukishaunganisha, unafuata ratiba ya mwenye huduma: mwaka 2023 Zoom iliondoa njia mojawapo ambayo mifumo mingine ilikuwa ikiitumia kujitambulisha kwake, na waliokuwa wameitegemea ikabidi wajenge upya. Sacco isiyo na mtaalamu wake ingefanyaje?

Hofu hizo nazielewa, ila zinasahau yanayofanyika sasa. Pale mifumo isipozungumza, watu ndio huwa nyaya. Karani anatoa orodha nzima ya wanachama kwenye faili ya Excel, yenye nambari za simu, vitambulisho, pengine hata akiba, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati ili "isaidie kuhakiki", na kutoka hapo hakuna ajuaye inaishia wapi. Muunganisho uliopangwa vizuri unapeleka vitu vichache tu: jina, nambari ya uanachama, na anwani ya barua pepe ya kusajilia. Mikopo na akiba havina kazi yoyote kwenye chumba cha video, na havipaswi kufika huko.

Pingamizi ninalolikubali kabisa ni la siri ya kura. Mfumo unaojua nambari yako ya uanachama na chaguo lako unaweza kumwambia mwenyekiti nani alimkataa. Kutenganisha orodha ya waliopiga kura na kura zenyewe kunawezekana, lakini lazima kuandikwe kwenye mkataba na kukaguliwa na mtu asiyelipwa na muuzaji wa mfumo. Kwa maazimio ya mahesabu na mgao wa faida ningeunganisha msimu huu huu. Kwa uchaguzi wa maafisa ningebaki na masanduku kwenye matawi hadi ripoti ya mkaguzi huyo isomwe mbele ya wanachama.