Unabalansi aje? Mimi sibalansi, kuna mtu ananishikia

Kila mahali nikienda siku hizi, harusini, kanisani, hata saiti nikipima madirisha ya watu, lazima mtu aniulize, "na wewe, unabalansi aje mtoto na kazi?" Na mimi kwa miezi kumi sasa nimekuwa nikitoa jibu lile lile tamu, ati ni Mungu tu, ati ni kujipanga. Kujipanga gani jameni. Juzi nilikuwa Kileleshwa naonyesha mteja sampuli za vitambaa vya kochi, nikaingiza mkono kwa mkoba nikatoa soksi moja ya mtoto na ndizi imeumwa nusu, na mteja akaiangalia ile ndizi vizuri kabisa, nadhani alikuwa anajaribu kujua inaenda na ukuta gani.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni dizaini ya ndani ya nyumba, mwaka wa saba huu, na nimejiajiri. Sio ile kazi mnaona Instagram ya mwanamke amevaa nyeupe anagusa maua. Ni kubishana na fundi wa Ngong Road anayeniapia ati hii ni mahogani na mimi naona kabisa ni saipresi imepigwa vanishi nyeusi, ni kushuka Gikomba mapema kabla wenye macho hawajamaliza mapazia mazuri ya mitumba, ni Eastleigh kwa kapeti na shia, yale mapazia mepesi ya kuonyesha nje, halafu Biashara Street kumalizia. Na hiyo Biashara Street ndio ilinichekesha nikiwa mjamzito, juu nimepita pale miaka yote hiyo nikiona vitambaa na vikoi peke yake, kumbe nusu ya mtaa ni maduka ya vitu vya watoto, sijawahi kuyaona, siku moja nikanunua kitambaa cha mteja mlango huu na nepi dazani mbili mlango wa pili, risiti zikachanganyikana, na mteja akalipia nepi zangu bila kuuliza swali. Nilimrudishia pesa yake, msinitazame hivyo.

Sasa niseme kile kitu mtoto alichukua, juu watu hawapendi kusikia mama akisema amepoteza kitu. Alichukua kukaa bure. Zamani nikipewa nyumba tupu nilikuwa naenda na chai kwa flaski, naketi sakafuni, naangalia mwanga unavyotembea ukutani kutoka saa moja asubuhi hadi jioni, sifanyi kitu. Nairobi hii tuko kama nyuzi moja na kidogo kusini ya ikweta, kwa hivyo jua la Juni linapita upande wa kaskazini na la Disemba upande wa kusini, na dirisha lililokuwa na kivuli kizuri wakati mteja anahamia linaweza kumchoma mgongo miezi sita baadaye akianza kulaumu mapazia yako. Hiyo kitu hujifunzi ukiwa na haraka. Unaijua kwa kukaa hapo kama mjinga. Na nikiulizwa mawazo yangu mazuri yalitoka wapi nitasema yalitoka hapo sakafuni, na sasa sina sakafu, nina dakika arubaini za mtoto kulala, na ndani ya hizo arubaini kuna nguo za kuanika.

Lakini pia alinipa kitu, siwezi kukataa. Saa tisa usiku unanyonyesha, simu imezima, unaangalia juu. Ndio nikaona dari. Mtoto mchanga anaishi akiangalia dari, hana kingine cha kuangalia, na sisi mafundi wa Nairobi tumeshika hii mambo ya jipsamu tukatoboa kila chumba mashimo kumi na mawili ya taa za spoti zinazompiga mtu aliyelala moja kwa moja kwa macho. Nimeziweka mwenyewe nyumba baada ya nyumba. Wanaoangalia dari ni watoto na wagonjwa, na hakuna hata mmoja wao anayekuja mkutano wa kuchagua taa. Tangu hapo chumba cha kulala nikikichora nalala kwanza kitandani, wateja wengine wanaona kama ninawazoea vibaya.

Na kuna hii ya aibu zaidi. Mwaka mmoja kabla nijifungue nilipewa kazi na ofisi fulani, sitaitaja, nitengeneze chumba cha akina mama kukamulia maziwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka kila mwajiri awe na sehemu kama hiyo. Nikakitengeneza, wueh, kilikuwa kizuri! Wolpepa ya majani ya migomba, kiti cha rangi ya haradali kisicho na mikono ndio kionekane chepesi, taa ya kuning'inia. Nilikipiga picha nyingi kuliko nilivyopiga harusi yangu. Soketi ikawa nyuma ya mlango juu hapo ndio waya haungeharibu picha. Sinki hakuna, friji hakuna, ati wataenda jikoni ya ofisi.

Basi nikazaa. Wiki ya tano nimekaa kwa kiti cha jikoni na pampu, viwiko vinaning'inia hewani havina pa kuegemea, shingo inauma, waya haufiki, mikono inanata maziwa, nikakumbuka kile kiti cha haradali nikataka kulia. Nikaitafuta ile sheria nikaisoma kwa simu kwa mara ya kwanza, na aki ya nani sheria imeandikwa na mtu aliyejua kazi kunishinda: inataja mahali pa kunawa mikono, friji au kitu cha kupoza, soketi ya pampu, meza ndogo, viti vya kukalika vizuri. Hiyo ilikuwa brifu nzima, bure, wabunge walishanifanyia. Nilipigia ile ofisi nikaomba kurudi kurekebisha kwa gharama yangu, wakaniambia chumba siku hizi kinawekwa maboksi ya karatasi ya printa, hakuna mama alikuwa anakitumia. Wakashangaa ni kwa nini, hata wakaniuliza mimi.

Likizo? Aliyeajiriwa ana Sheria ya Ajira ya 2007, miezi mitatu na mshahara wake kamili. Sisi wa kujiajiri tuna njahi, yale maharagwe meusi ya kulisha mama aliyejifungua, na maombi. Siku ya tisa, bado nakula njahi ya mama mkwe asubuhi na jioni, mteja alinipigia, "hongera sana madam, Mungu ni mwema, na mapazia yalifikia wapi?" Nikamjibu, na mapazia nikayaagiza nikiwa nimelala ubavu. Sijui kama najivunia ama najuta, siku zingine hivi, siku zingine vile.

Turudi kwa hiyo balansi. Mizani ina pande mbili, sawa, na watu wanadhani upande mmoja ni mtoto, upande mwingine ni kazi, na mimi niko katikati nimeshika. Si kweli. Nikitoka nyumbani saa mbili asubuhi kwenda Industrial Area kuangalia vigae, mtoto hayuko kwa mizani yoyote, yuko mgongoni kwa anti, mfanyakazi wetu wa nyumbani. Yeye ndiye anapasha maziwa niliyokamua, na siku ile stima ilipotea usiku mzima na ile mifuko yote ya friza ikayeyuka, ni yeye aliingia jikoni kabla yangu akaimwaga ndio nisiione. Anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, mimi bado nakisia. Na mtoto wake mwenyewe, wa miaka minne, yuko kwa nyanyake huko magharibi mwa nchi, wanaongea jioni kwa simu nikisharudi. Sasa huyo anabalansi aje? Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi, na mimi ndiye ninayekaa naye.

Pesa pia tuongee. Agizo la mishahara la 2024 lilimweka mfanyakazi wa nyumbani wa Nairobi kwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Nilianza kumlipa chini ya hapo. Naandika hivi nikijua marafiki zangu watasoma na wengi wao bado wako chini ya hapo, na ni sisi hawa tunaoandika maneno makali juu ya wateja wasiothamini ubunifu wetu. Fundi wa jipsamu akinitajia bei ya siku sibishani naye sana. Kwa anti nilibishana juu ya elfu mbili.

Lakini kilichoniuma kama mtu wa dizaini ni chumba. Tunaishi South B, nyumba ya vyumba viwili na DSQ, hizo herufi tatu mnazijua, makao ya watumishi, tulizirithi kwa mkoloni na bado tunazipiga chapa kwa matangazo ya nyumba kama sifa. Chumba chenyewe kiko nyuma ya jikoni, unapita mahali pa kufulia. Miaka saba nimepewa ramani za nyumba za namna hiyo na kila mara nikifika kwa hicho chumba mteja husema hapo wacha tu, na mimi naacha tu. Hata kwa mchoro sikiwekei kitanda. Nakiandika jina, naendelea na sebule.

Siku moja mtoto amelala nikachukua futi yangu nikaenda kupima, anti alikuwa ametoka. Mita 2.1 kwa 1.7. Dirisha liko juu karibu na dari, linatazama korido ya ngazi, kwa hivyo jua la Juni na jua la Disemba kwake ni kitu kimoja, taa ya korido. Sanduku lake, beseni, kigari cha mtoto wangu kimekunjwa nyuma ya mlango, na boksi tatu za sampuli zangu za wolpepa ambazo hata sikukumbuka nilizipeleka huko. Wiki hiyo hiyo nilikuwa namaliza nasari ya mtoto wa mteja, mita 3.6 kwa 4, mara nne ya hicho chumba, na mtoto mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa.

Boksi nilizitoa usiku huo. Kigari kikaenda kwa balkoni. Halafu nikafanya vile ninavyofanya kwa wateja wote, nikamketisha anti na chai nikamuuliza, tuseme tunatengeneza chumba chako, ungetaka nini? Nilikuwa nishaandaa kichwani, rafu ya juu, taa ya ukutani, pazia la rangi ya kutu niliyokuwa nimeona Eastleigh. Alinyamaza sana, akacheka kidogo, nikafikiri ni aibu.

"Komeo tu," akasema. "La ndani."

Nikamuuliza mlango wake kwani haufungi. Akasema unafunga, ila kwa nje tu, kwa ufunguo, na ufunguo uko kwangu. Na mimi nikakumbuka ni mara ngapi nimeingia hapo saa nne usiku bila kubisha kutafuta boksi la wolpepa.

Mwenye nyumba tulimwandikia juu ya dirisha, hajajibu, na nikijua majengo hayo sidhani atajibu. Komeo nililinunua kwa hadwea ya hapo chini, shilingi mia mbili hamsini, drili nilikuwa nayo, ilichukua kama dakika kumi. Mtoto siku hizi anatambaa mbio, akimaliza jikoni anapita mahali pa kufulia anaenda kuupiga ule mlango na kiganja, pa pa pa, na kama ni Jumapili anti hafungui.