Mimi, Mama Mkwe na Binti wa Istanbul

Jamani, mwanamke mmoja, wanaume watatu, na kila mmoja anajua ndiye yeye. Angekuwa jirani hapa Nkuhungu, Dodoma, ningemwita mjumbe tukayamaliza. Lakini yuko Istanbul, ndani ya televisheni niliyoinunua kwa jasho la kuchomelea mageti, na kila ikifika saa mbili usiku nyumba yangu nzima inakaa upande wake.

Wa kwanza ana ndevu na hela, ila hajawahi kuonekana kazini hata kwa bahati mbaya. Wa pili ni daktari, mpole mpaka anakera. Juzi kamwacha mgonjwa mezani, tumbo wazi, kamkimbilia binti ufukweni. Wa tatu ana pikipiki kubwa na koti la ngozi, na shughuli yake inayojulikana ni kutokea mvua ikinyesha. Binti anagombana na ndevu, anafutwa machozi na daktari, kisha anasimama dirishani kumuwaza wa pikipiki. Wote watatu anawajibu neno moja: "Nipe muda." Muda upi? Mteja wangu akiniambia nimpe muda, geti linalala karakana.

Na tukitaja mageti, la yule mwenye ndevu linateleza lenyewe kwenye reli, chuma kimenyooka, kona zimesagwa huoni hata alama ya welding. Nilikuwa ndiyo kwanza napiga hesabu ya mota yake, mama Neema akanigeukia: "Baba Neema, hebu nyamaza, mwenzio analia." Mwenzangu nani?

Kinachonimaliza ni kwamba haamui. Fundi madishi wa mtaani kwetu kanieleza kisa chake. Kwao Uturuki tamthilia huonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja huwa na urefu wa zaidi ya saa mbili. Ikiuzwa nje inakatwakatwa vipande vya dakika arobaini na kitu. Kwa hiyo chozi lililodondoka huko usiku mmoja, sisi Dodoma tunalisindikiza Jumatatu hadi Alhamisi. Ugali unapoa, mlenda unaganda, binti bado anafungua bahasha.

Hayo yote ningevumilia. Tatizo ni mama mkwe. Alikuja kutoka Mpwapwa kutibiwa macho. Macho yamepona, sasa anayatumia. Mimi nimelelewa kwamba mbele ya mama mkwe hata kucheka unapima. Leo nimekaa naye sebule moja, yule mwenye ndevu anamsogelea binti, muziki unapungua, nyuso zinakaribiana. Nitazame wapi? Nimeshaujua kila msumari wa dari. Ikizidi nanyanyuka: "Ngoja nikaangalie kama bomba nimelifunga." Siku yenyewe maji ya mgao hayajatoka. Nasimama uani, upepo wa Julai unanipiga, nasubiri Waturuki wamalize.

Nikapeleka malalamiko kijiweni kwenye kahawa, nikijua huko ndiko kwenye haki. Na kweli, binti alihukumiwa kabla vikombe havijajaa. Hana malezi. Kigeugeu. Angekuwa wa kwangu ningemrudisha kijijini. Aliyefoka kuliko wote ni mzee mmoja mwenye mke Kondoa na mke mwingine hapa Chang'ombe, ambaye nauli ya wiki ile alikuwa anaikopa kwa muuza kahawa.

Palikuwa na kijana anayesoma sheria pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Hawa vijana ukiwapa kashata tu wanaanza kutaja vifungu. Akasema Sheria ya Ndoa yetu ya mwaka 1971 inamruhusu mwanamume ndoa ya wake wengi, mwanamke mwenye mume haruhusiwi kuongeza mwingine. Mzee wa Kondoa akapiga meza: "Umesikia!" Kijana akaendelea taratibu kwamba huko Uturuki mitala ilipigwa marufuku mwaka 1926, kwa hiyo mzee angekuwa Istanbul angekuwa na kesi. Na yule binti hajaolewa na mtu, sasa kavunja kifungu gani? Mzee akasema kahawa ya leo imeungua.

Mimi sikushawishika. Sheria ni sheria, lakini watatu ni wengi. Usiku ule, wa pikipiki alipomletea pete na binti akamwambia ampe muda, ikanitoka kwa sauti: "Huyu anawachezea watoto wa watu!"

Mama mkwe akavua miwani. Hajawahi kuvua miwani tamthilia ikiendelea.

"Mkwe wangu, huyu mwanangu, ng'ombe wa nani yuko zizini kwa baba yake?"

"Hakuna, mama."

"Kuna aliyepeleka hata ndama?"

"Sijaona, mama."

"Basi hajala cha mtu. Aachwe atazame. Wapo waliochukua mwali wakaacha ng'ombe wawili wa ahadi. Neema yuko darasa la tano, zizi bado linawasubiri."

Mama Neema akapata kikohozi, akakimbilia jikoni. Nikawa natafuta bomba la kwenda kuliangalia, mara pap! giza. Uniti zimekwisha, na mkononi mwa wa pikipiki pete bado iko wazi.

Nikanunua umeme wa elfu kumi haraka haraka kwa simu. Nimeinama kwenye mita naingiza zile tarakimu 20, nasikia sauti ya mama mkwe gizani: eti mimi kama mwanaume, kati ya wale watatu naona nani anafaa?

"Daktari, mama. Daktari anafaa kabisa. Ila awahishe ng'ombe."