Mafuta ya karafuu hayamwagwi tu kwenye chumvi ya kuogea

Chumvi ya kuogea yenye harufu ya karafuu au mchaichai sasa ni zawadi ya kawaida, na wengi wanaitengeneza jikoni kwao na kuiuza. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ninachokipinga ni mazoea ya kumimina mafuta makali ya mimea hiyo moja kwa moja juu ya chumvi, kukoroga, kufunga kopo na kumwambia mteja: "Ni vitu vya asili, havina madhara."

Chumvi haichanganyi mafuta na maji. Inayabeba tu hadi kwenye beseni. Ikishayeyuka, mafuta yanaelea juu yakiwa na ukali wake wote, na yanagandamana na ngozi ya anayeoga, hata pale palipo laini kabisa. Maji ya moto huzidisha muwasho. Kuongeza maziwa, kama wengine wanavyoshauri, hakutoshi.

Na karafuu ina nguvu kweli. Mafuta yanayokenekwa Wawi, Pemba, kutokana na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu ya jino. Kitu cha kutia ganzi jino hakipimwi kwa kukisia. Kiwango kinachoshauriwa kwa ngozi ni kisichozidi asilimia 0.5 ya mchanganyiko. Kijiko kikubwa kina kama mililita 15, na tone moja ni takriban mililita 0.05. Basi tone moja la karafuu katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi linakupa asilimia 0.3 hivi, matone mawili yameshavuka mpaka. Mchaichai unaweza kufika mawili. Mafuta ya gome la mdalasini mimi nasema yasiingie kabisa kwenye maji ya kuoga, maana huunguza na kuamsha mzio hata yakiwa kidogo sana.

Kwa hiyo tangulia kuchanganya matone ya karafuu au mchaichai na kijiko hicho cha mafuta ya nazi, ndipo uyatie kwenye kikombe cha chumvi, kwa kuoga mara moja. Sakafu itateleza, iangalie. Asiyetaka utelezi atumie sabuni ya maji isiyo na manukato badala ya nazi.

Wauzaji, andikeni kwenye kopo: mafuta gani, matone mangapi, yametengenezwa lini. Mafuta yaliyokaa wazi kwenye joto na mwanga huharibika na kuwasha zaidi, hivyo chupa iwe ya kioo cheusi na ifungwe vizuri. Mjamzito na mwenye pumu waulize kwanza kwa daktari. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni asiloweke miguu kwenye maji ya moto hata kidogo, kwa sababu ataungua bila kuhisi. Watoto wadogo waogeshwe kwa maji matupu, na chupa ya mafuta ikae juu wasikofika: karafuu ikinywewa inaweza kuharibu ini, na mkaratusi unaweza kuleta degedege.

Ukianza kuwashwa, toka majini ujioshe kwa sabuni, kwa sababu maji peke yake hayaondoi mafuta. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi mengi. Na mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na chupa yenyewe mwende nayo.