Simu ya Zamani: Uisasishe au Uiache?

Shangazi yangu ana simu ya miaka minne. Kila jioni kioo kinamwambia toleo jipya la mfumo wa simu liko tayari, naye kila jioni anagusa "Baadaye". Jirani yake alikubali, anasema, na simu yake sasa inatembea kama kobe.

Hofu yake ina msingi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba mfumo wake ulikuwa ukipunguza kasi ya baadhi ya simu, iPhone 6 na 6s zikiwemo, pale betri zilipochoka, ili zisizimike ghafla. Wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi. Mwaka uliofuata Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10, na Samsung milioni 5 kwa kuwasukuma wenye Galaxy Note 4 kuweka mfumo ulioielemea simu hiyo.

Ila kwenye kisa hicho cha Apple, kilichochoka kilikuwa betri. Aliyeweka betri mpya alirudishiwa kasi yake, na mwaka 2018 kampuni ilishusha bei ya kuibadilisha kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka huohuo ikaja iOS 12, toleo la mfumo wa iPhone lililotengenezwa makusudi kuzipa wepesi simu za zamani hadi iPhone 5s ya mwaka 2013. Kwa hiyo si kila toleo jipya linaua simu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kukaa bila kusasisha. Kampuni ikishaziba tundu la usalama, wahalifu nao hukichunguza kile kiraka kilichoziba na kujua tundu lilikuwa wapi. Ambaye hajaziba amebaki mlango wazi, na simu ya shangazi ndiyo pochi yake: pesa za kikoba zinapita humo. Programu nazo hazisubiri. Mwaka 2025 WhatsApp iliziacha iPhone ambazo hazikufika iOS 15.1.

Mimi natenganisha mambo mawili. Kiraka cha usalama ni cha kuweka mara kinapofika. Hakibadilishi sura ya simu wala hakiiongezei mzigo mkubwa. Toleo zima ndilo la kufikiria, kwa sababu kurudi nyuma ni shida: Apple hufunga njia ya kurejea matoleo ya awali, na kwenye Android kwa kawaida unafuta kila kitu. Kama betri haimalizi nusu siku na hifadhi imejaa, toleo lisubiri hadi hayo yatengenezwe.

Jumamosi tulikaa naye barazani. Katika Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, kiraka cha mwisho kilikuwa cha mwaka juzi. Hifadhi ilikuwa imebaki GB 2, nyingine zimeliwa na video za harusi zilizotumwa kwenye magrupu. Tukahamisha picha za wajukuu kwenye kompyuta, tukafuta video, zikapatikana GB 11. Betri bado inafika jioni. Tumechomeka chaja, tukaunganisha Wi-Fi, na safari hii ameshika simu mwenyewe na kugusa "Sakinisha sasa".