Sebenza au XM-18: Kisu cha Mfukoni cha Zaidi ya Dola 400 Kipimwe kwa Lipi?

Mnunuzi aliyekwisha kuamua kutoa zaidi ya dola 400 kwa kisu cha kukunja hukutana mapema na majina mawili ambayo ni vigumu kuyapita: Sebenza, inayotengenezwa na Chris Reeve Knives mjini Boise katika jimbo la Idaho, na XM-18, inayotoka katika karakana ya Rick Hinderer huko Ohio. Ukizilinganisha na viwanda vikubwa vya visu vya Marekani, hizi ni karakana ndogo. Zote mbili hutumia titani kwenye mpini, zote hufunga bapa kwa komeo la namna moja, na bei zake hukaribiana. Kwa sababu ya kufanana huko, wapenzi wa visu hujikuta wakibishana juu ya kipi kinakata vizuri zaidi au kipi kina nguvu zaidi. Naona mabishano hayo hayamsaidii mnunuzi. Katika kiwango hiki cha bei, yanayovitenganisha visu kwa kweli ni umbo la bapa nyuma ya makali, na urahisi wa mwenye kisu kukifungua, kukisafisha na kukirudisha kama kilivyokuwa.

Inafaa kuanza na komeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fundi wa Kimarekani Michael Walker alibuni komeo la kisasa linalotumia bamba jembamba lililofichwa ndani ya mpini: bapa linapofunguka hadi mwisho, bamba hilo huchomoka kwa mnyumbuko wake na kukaa nyuma ya kitako cha bapa, likalizuia lisirudi kwenye vidole. Chris Reeve, aliyeanza kazi hii Afrika Kusini kabla ya kuhamia Idaho mwaka 1989, aliona kwamba bamba la ziada halihitajiki. Aliuchana upande mmoja wa mpini wenyewe, ambao ni titani nene, ili sehemu yake ijipinde na kufanya kazi ya komeo. Hivyo, kadiri mkono unavyoukaza mpini, ndivyo unavyozidi kulishikilia komeo mahali pake. Ubunifu huo, uliopata umaarufu kupitia Sebenza, sasa unatumiwa na watengenezaji wa visu duniani kote, Hinderer akiwa mmoja wao. Hinderer, ambaye aliwahi kuwa zimamoto, aliongeza kizuizi kidogo cha duara kwenye komeo, kwa kuwa mtu akilisukuma nje kupita kiasi wakati wa kufunga kisu, titani inaweza kupoteza mnyumbuko wake. Nyongeza hiyo ni ndogo, lakini inaonyesha XM-18 ilifikiriwa kwa ajili ya nani: mtu mwenye glavu na haraka, asiye na nafasi ya kukitendea kisu kwa upole.

Sebenza ilifikiriwa kwa namna nyingine. Bapa la Sebenza kubwa huzunguka juu ya bushi ya chuma, yaani kibomba kifupi, kati ya washa (pete nyembamba) mbili za shaba nyeusi yenye fosforasi, na bushi hiyo imechongwa kwa kipimo cha karibu sana hivi kwamba mwenye kisu huikaza skrubu hadi mwisho bila kubahatisha: bapa halilegei wala halibani. Faida yake huonekana siku ambayo mchanga, utomvu au maji ya embe yameingia kwenye egemeo, mahali bapa linapozungukia. Mtu asiye fundi anaweza kukivua kisu chote, kukiosha, kukipaka grisi kidogo na kukiunganisha tena, nacho kikarudi kuwa kile kile. Visu vingi vya bei ya chini humlazimu mwenyewe kuzungusha skrubu nyuma na mbele, robo kwa robo, akitafuta mahali ambapo bapa halichezi na wakati huohuo halikwami. Sijaona sifa nyingine ya Sebenza inayohalalisha bei yake kwa uzito kama huu, na ninashangaa kwamba hutajwa baada ya rangi ya titani na mapambo ya mpini.

Wanaoipinga Sebenza wana hoja ya haki. Hufunguka kwa kidole gumba, taratibu, na kwa mtu aliyezoea visu vya kisasa inaonekana ni nzito kuamka. XM-18 ina pembe ndogo nyuma ya bapa ambayo kidole cha shahada huibonyeza, bapa likaruka na kufunguka mara moja, na matoleo yake ya karibuni humruhusu mwenye kisu kuchagua kati ya gololi na washa. Kwa mtu ambaye mkono mmoja umeshika kamba, ngazi au mgonjwa, kasi hiyo ina maana kubwa. Kwa anayefungua barua na kumenya chungwa, haina maana yoyote.

Kwenye umbo la bapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa zaidi, na ndipo wanunuzi wengi wanapokosea kwa kutazama picha peke yake. Bapa la Sebenza kubwa lina unene wa milimita 3 hivi, na mashavu yake yamechimbwa kwa ndani, kwa hiyo chuma kilichobaki nyuma ya makali ni chembamba. Bapa la XM-18 lina unene wa karibu milimita 4, na katika umbo linaloitwa Spanto, ambalo ndilo lililoipa XM-18 sura yake mashuhuri, ncha imeachwa nene ili isivunjike inapochomekwa au kupindwa. Kinachopita kwenye kiazi au boksi gumu la katoni ni kabari ya chuma iliyo nyuma ya makali. Ikiwa nene, kiazi hupasuka badala ya kukatika, hata kama makali yenyewe yanaweza kunyoa ndevu. Hinderer anafahamu jambo hili, na ndiyo maana hutoa pia bapa lililochongwa jembamba zaidi kwa ajili ya kukatia. Hata hivyo, mtu anayeagiza Spanto kwa matumizi ya jikoni na ofisini ananunua nguvu ambayo hataitumia, na analipia kwa kila mkato. Uzito nao unafuata njia hiyo hiyo: Sebenza kubwa ina gramu 130 hivi, ilhali XM-18 yenye bapa la inchi 3.5 huzidi gramu 150, na katika mfuko wa suruali nyepesi tofauti hiyo husikika.

Kuhusu chuma, lawama kubwa dhidi ya Chris Reeve kwa miaka mingi ilikuwa ugumu. Chuma cha S30V, ambacho kampuni ya Crucible ilikitoa mwaka 2001 baada ya kushauriana na Reeve mwenyewe miongoni mwa wengine, kingeweza kukazwa kupita kiwango cha 58 hadi 59 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C, lakini yeye aliamua kubaki hapo. Wakosoaji walisema makali yalikuwa yakiisha mapema kuliko chuma kilivyoweza. Yeye alitaka makali yasiyomeguka, ambayo mwenye kisu angeyarudisha haraka kwenye jiwe la kunolea. Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa mteja wake. Ugomvi huo umepoa tangu kutokea kwa MagnaCut mwaka 2021, chuma kilichobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas. Kina kromi ya asilimia 10.7 tu, pungufu kuliko asilimia 14 ya S30V, lakini hustahimili kutu vizuri zaidi kwa sababu kromi yake haikumezwa na karbidi, yaani chembe ngumu za kaboni na metali. Imebaki ndani ya chuma chenyewe, ambako ndiko inakozuia kutu. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi ya hewani hula hata bawaba za madirisha, sababu hiyo peke yake inatosha kuulizia MagnaCut kabla ya kuulizia rangi.

Kuna hoja ya tatu ambayo haipasi kukwepwa, nayo inasema usinunue chochote kati ya hivi viwili. Para Military 2 ya Spyderco, kampuni ya Golden, Colorado, hupatikana kwa chini ya nusu ya bei hizo, ina bapa la chuma kizuri lililo jembamba nyuma ya makali, na hukata sawa na Sebenza. Anayehitaji makali tu hana sababu ya kupita hapo. Kinachobaki upande wa karakana ndogo ni ule usahihi wa bushi na egemeo, titani badala ya mpini wa fiberglasi, na huduma ya muda mrefu. Na huduma hiyo hupungua thamani pale ambapo kisu lazima kisafirishwe kutoka Dar es Salaam hadi Boise. Aliye mbali achague kisu anachoweza kukihudumia mwenyewe. Asinunue kwa muuzaji asiyemjua, maana nakala bandia za visu vyote viwili zimejaa sokoni.

Walio Uingereza wana kikwazo kingine. Sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalumu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, na mahakama zimeamua kwamba kisu chenye komeo hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Hata Sebenza ndogo, ambayo bapa lake halifiki inchi hizo, inaangukia nje ya ruhusa hiyo kwa ajili ya komeo lile lile lililoipatia heshima.

Kwa kazi za kawaida za mfukoni ningechagua Sebenza ndogo ya MagnaCut, na nisingeona ninapoteza mengi kwa kuiacha ile kubwa. XM-18 ningempa mtu wa uokoaji, fundi wa majengo au mwindaji, mradi achukue bapa la kukatia na kuiacha Spanto, isipokuwa kama kazi yake kweli ni ya kuchomeka na kupindua. Mashoto ataanza kwa Chris Reeve hata kabla ya kupima hayo yote, kwa kuwa Sebenza hutengenezwa pia ikiwa na komeo upande wa pili, ambapo kidole gumba cha mkono wa kushoto hulifikia bila taabu.