Kumpa mwenye ulemavu uhusika ni mwanzo tu

Januari 2024, ukumbi wa Shakespeare's Globe wa London ulitangaza kwamba Richard III, mfalme katika tamthilia ya Shakespeare, angechezwa na Michelle Terry, mkurugenzi wake wa sanaa, asiye na ulemavu wa mwili. Wasanii wenye ulemavu wakaja juu. Shakespeare alimwandika mfalme huyo akiwa na kibyongo, na wahusika wakubwa wa aina hiyo ni wa kuhesabika. Ukumbi ulijitetea kwamba Terry hangemwigiza mfalme akiwa na ulemavu wa mwili.

Wanaotetea uhuru wa mwigizaji wanasema kuigiza ni kuingia katika maisha yasiyo yako. Kila mtu akibanwa kwenye uhusika unaofanana naye, wa kwanza kuumia ni huyo huyo mwenye ulemavu, maana wengi walioandikwa hivyo wameandikwa ili wahurumiwe au waogopwe. Hoja hii ni nzito. Lakini uhuru wenyewe umekuwa wa upande mmoja: asiye na ulemavu amecheza kila kitu, mwenzake ananyimwa hata ule unaomhusu. Kwa sasa basi, nasimama na wanaodai wafikiriwe wao kwanza.

Hata hivyo, akishapewa uhusika, atafikaje jukwaani? Mwaka 2019 mwigizaji Ali Stroker alikuwa mtu wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kushinda Tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya tamthilia Marekani. Usiku wa tuzo ilibidi asubiri nyuma ya jukwaa, kwa kuwa kutoka kwenye viti vya watazamaji hapakuwa na njia ya kiti chake kupanda. Kumbi zikirekebishwa, hurekebishwa upande wa wanaokata tiketi. Vyumba vya kubadilishia nguo vinabaki juu ya ngazi nyembamba.

Wenye vikundi wanalia na gharama, na hawasingizii. Mkalimani wa lugha ya alama hulipwa, tena kwa mazoezi marefu wanahitajika wawili wapokezane. Kikundi kidogo kinaweza kuelemewa, na ni haki fedha za umma ziingie hapo. Ila gharama huuma zaidi mambo haya yanapobandikwa mwishoni. Graeae, kundi la London lililoanzishwa 1980, husuka lugha ya alama, maandishi na maelezo ya sauti kwa wasioona ndani ya onyesho lenyewe. Deaf West, kundi la Los Angeles linaloigiza kwa lugha ya alama, lilipeleka tamthilia ya muziki Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 2015: mwigizaji kiziwi anaimba kwa mikono, mwenzake anamtolea sauti, na mdundo asiousikia anaupata kwa kuguswa au kwa taa. Hapo huduma imeshakuwa sanaa.

Na uhaba wa wahusika wazuri una dawa ambayo ugomvi wa nani acheze nini hauigusi: kalamu. Back to Back, kundi la Geelong, Australia, lenye waigizaji wenye ulemavu wa akili, hutunga kazi zake pamoja na waigizaji hao. Mwaka 2022 lilipata Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, tuzo kubwa ya tamthilia.